Nani Ataeleza Ugonjwa wa Wabwile

Bungoma,
24 Oktoba 2021

Nangila, mtoto wa mwanangu,

Salamu zikufikie wewe, mume wako na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Mimi nyanya yako Phelista niko. Magoti yamekataa kazi lakini mdomo bado unafanya. Mama yako Sellah yuko, amemaliza kuanika maharagwe na sasa anapigana na kuku wa jirani. Ng'ombe amezaa dume. Nilitaka jike, lakini ng'ombe haagizwi.

Anayeandika hapa ni Nasro, yule wa duka la vitambaa karibu na msikiti. Mimi nasema, yeye anaandika. Unajua sikuenda shule. Baba yangu aliuliza mbuzi watachungwa na nani, na hakuna aliyemjibu. Nimemwambia Nasro aandike vile ninavyosema, asinipake mafuta. Nimeamua barua kwa sababu simu yangu hushiki. Tangu tumzike baba yako Wabwile mwezi wa saba, napiga, inalia, inalia, inachoka. Barua haina pa kukata. Nimempa dereva wa Kitale akupe mkononi, na asiondoke mpaka aone umefungua.

Si umesikia kafyu imeondolewa? Jumatano ilitangazwa, Alhamisi nikaoga, nikafunga kitambaa kipya, nikaenda hoteli ya Edinah pale sokoni. Karibu miaka miwili sijakaa kwa meza ya watu. Nikawakuta wamekaa mmoja mmoja, kila mtu na meza yake, kama wake wenza msibani. Mimi sikutoka nyumbani kwenda kuangalia ukuta. Nikachagua meza yenye mtu, kijana wa ofisi na tai yake. Akasogeza kiti. Nikasogeza changu. Akasogeza tena.

"Wewe, ukiendelea hivyo utaangukia kwa sufuria," nikamwambia.

"Ni umbali tu, nyanya."

"Mimi nimechanjwa mara mbili, mkono ukavimba kama kiazi. Wewe umechanjwa?"

Akaangalia chai yake.

"Basi si wewe wa kukimbia. Ni mimi."

Watu wakacheka mpaka Edinah akatoka jikoni na mwiko. "Ni nani huyo? Mama Wabwile! Sisi tulidhani ulikufa!" Nikamwambia, "Walikuja kunichukua, wakakuta niko na kazi." Kabla sijamaliza andazi la pili, meza ile ilikuwa na watu sita wanabishana kama mahindi ya Tongaren ni makavu ama yanaanikwa kwa maneno. Kijana wa tai ndiye alikuwa na kelele kuliko wote. Nangila, nililia kidogo ndani ya kikombe. Hakuna aliyeona.

Sasa nisikie. Mtu wa kutoka huko ameniambia hoteli yako bado ina kufuli, na viti viko juu ya meza, miguu juu kama kuku waliokufa. Kwa nini? Nijibu, na usiniandikie habari za mvua.

Mimi nyanya yako Phelista. Hiyo alama ya wino ni kidole changu, ndiyo sahihi.


Kitale,
3 Novemba 2021

Kukhu, nyanya yangu,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na mama, na Nasro mwenye mwandiko mzuri. Sisi tuko salama. Hapa Kitale baridi ya mlima inashuka kila jioni, na mvua haijaamua kama inaenda ama inabaki. Watoto wako shuleni. Mume wangu yuko kwa kazi ile ile ya mbegu.

Dereva alisimama mlangoni amekunja mikono mpaka nikafungua bahasha. Watoto walidhani ni polisi.

Simu yangu ina shida ya spika, ndiyo maana. Na kuhusu hoteli, mambo yamekuwa magumu kidogo. Watu wamezoea kula kwao. Siku hizi nashona sare za shule, na si kazi mbaya. Nafurahi kwamba ulienda kwa Edinah ukala ukashiba.

Wako,
Nangila


Bungoma,
10 Novemba 2021

Nangila,

Salamu kwanza, ndiyo adabu. Sisi wazima. Mama yako amewashinda kuku wa jirani. Mmoja tumemla, usiulize.

Haya, sasa nikugombeze. Nilikuambia usiniandikie mvua, ukaniandikia mvua na baridi juu yake. Ati watu wamezoea kula kwao. Watu gani hao? Wanaume wa Kitale wamejifunza kupika lini? Mtu alikuwa anatoka Kimilili na njaa yake, anapita hoteli nne, ndio aje kula matumbo yako. Na wewe kushona, bana! Ile nguo ya kwaya uliyonishonea, mkono mmoja ulikuwa wa mtu mwingine. Unanificha kitu. Nimezaa watoto saba. Sauti ya mtoto aliyemwaga maziwa naijua hata ikiwa ndani ya karatasi.

Jambo lingine. Jamaa wamekaa kikao. Makumbusho, ile siku ya kumkumbuka baba yako, yatakuwa Jumamosi, tarehe kumi na nane Disemba, hapa nyumbani. Unakumbuka vile tulimzika: watu kumi na tano, wale wa afya ndani ya nguo zao nyeupe wanasema haraka, haraka, na jeneza likashuka kama gunia kutoka kwa lori. Hakuna aliyesimama kueleza ugonjwa. Kwetu mtu haagwi hivyo. Lazima mmoja wa nyumba asimame mbele ya watu aseme: ulianza siku gani, alikuwa ametoka wapi, alikula na nani, ni nani alimpeleka hospitali, neno lake la mwisho lilikuwa lipi. Msipoeleza, watu wanajieleza wenyewe, na wakijieleza wanataja uchawi. Tayari kuna wanaotaja.

Baba yako mdogo Wakoli anauliza ni nani ataeleza. Nimemwambia tutaona.

Jibu la hoteli bado nalingoja.

Phelista


Kitale,
21 Novemba 2021

Kukhu,

Salamu kwako na kwa mama. Watoto wanawasalimu. Hii barua nimeiandika mara nne.

Mwambie baba mdogo Wakoli nitaeleza mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayejua.

Jumamosi ile, wiki moja kabla hajalala mgonjwa, baba alikuja Kitale kuchukua mbegu za mboga, akapitia hotelini kama kawaida yake. Nilikuwa nimetenganisha meza kama tulivyoagizwa. Lakini saa saba watu walijaa, na mteja mmoja, mnunuzi wa mahindi, mtu mkubwa, wa kuja na wenzake kila wiki, akakosa kiti. Nikamkalisha na baba. Kukhu, alikuwa anakohoa. Nilimwona. Nilimsikia hata nikiwa jikoni. Nikajiambia ni vumbi la mahindi. Sikutaka kumuudhi. Baba akanitazama mara moja juu ya sahani, kwa yale macho yake ya kuuliza kitu bila kukisema, na mimi nikamwongezea mchuzi.

Siku kumi na mbili baadaye alikuwa kwa mashine ya hewa.

Ndiyo maana sishiki simu. Nikisikia sauti yako nasikia pia kile usichokijua. Na siwezi kuona watu wakila pale. Siku ile kafyu iliisha nilijaribu. Nilifungua kufuli, nikashusha viti viwili, nikavirudisha.

Wahome, mwenye nyumba, amenivumilia, lakini anataka jibu mwaka ukiisha: nifungue, ama ampe mtu wa kuuza simu. Nitakuja makumbusho. Nitasimama nieleze nilichofanya. Halafu nitamrudishia Wahome ufunguo.

Nangila


Bungoma,
26 Novemba 2021

Nangila,

Salamu. Barua imefika, Nasro amenisomea. Ndama amejifunza kunywa maji kwa ndoo. Mvua ya mawe imetoboa sukuma wiki yote. Absalom anakusalimu, yule rafiki wa marehemu babu yako. Amepona sasa, anatembea na fimbo. Mama yako anauliza kama watoto wanahitaji sweta.

Kaa vizuri.

Phelista

(Mimi Nasro. Nimemuuliza mara mbili kama barua ni hiyo tu. Amesema niandike jina lake nifunge. Samahani, dada.)


Kitale,
2 Disemba 2021

Kukhu,

Hamjambo huko.

Nimekuambia jambo ambalo hata mume wangu hajalisikia, na wewe umenijibu ndama anakunywa maji.

Ungenitukana ningeelewa. Ungesema, Nangila, umeniulia mtoto, ningesema ndiyo. Lakini umenyamaza, na wewe si mtu wa kunyamaza. Kwa hivyo nimepata jibu. Tarehe kumi na nane nitakuja, nitasema, nitaondoka kabla ya chakula. Msinipikie.

Nangila


Bungoma,
6 Disemba 2021

Nangila,

Leo salamu zitangoja.

Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Haya, nimesema. Miaka sabini na sita, nimezika mume, nimezika watoto watatu, nimefukuza mwizi kwa mwiko, nikaogopa karatasi ya mjukuu.

Wewe huwezi kueleza ugonjwa wa baba yako, kwa maana unajua nusu. Unajua Jumamosi. Jumapili huijui.

Jumapili ile nilikuwa nimechoka. Kanisa limefungwa, soko limefungwa, watu wanasalimiana kwa viwiko kama waliofungwa pingu. Nikasema potelea mbali, nikapika busaa. (Nasro hataki kuandika hilo neno, dini yake. Nimemwambia kuandika si kunywa.) Nikaweka chungu nyuma ya jikoni, mchana kweupe, na mirija mirefu, kama zamani wazee walipokuwa wakizunguka chungu kimoja. Nikaita wazee watatu. Absalom akaja. Akakaa na kikohozi chake. Tukasema ni moshi.

Umesikia, Nangila? Wewe ulisema vumbi. Mimi nilisema moshi.

Baba yako akatoka nyumbani kwake akasimama mbali. "Mama," akasema, "tumekatazwa kukaa hivi."

"Nani amekataza? Mlete, nimpe mrija."

Wazee wakacheka. Akasema tena, polepole, "Mama, watu wanakufa."

Na mimi, andika, Nasro, usinitazame, mimi nikamwambia mbele ya wote, "Wabwile, tangu lini umekuwa mwoga? Hawa ndio walisimama na wewe siku ya kutahiriwa, leo unawakimbia kama moto?"

Akaja. Hakuja kwa sababu ya kiu. Alikuja kwa sababu mamake alimwaibisha. Mrija wa Absalom uliziba, baba yako akampa wake, wakapokezana mpaka chungu kikakauka.

Alhamisi Absalom akalala. Jumamosi baba yako akalala. Absalom akaamka.

Siku ya mazishi, wale wa nguo nyeupe waliposema haraka, kila mtu alinung'unika. Mimi nilimshukuru Mungu. Kama wangetupa nafasi ya kueleza ugonjwa, ni mimi ningepaswa kusimama, na sikuwa na miguu ya kusimama. Miezi mitano nimejificha nyuma ya haraka ya watu wa afya. Wewe uliposema ni meza yako iliyomuua, niliona mlango umefunguka wa kutokea. Niliuangalia siku kumi. Huo ndio ukweli, na ni mbaya kuliko chungu.

Sijui kama ni meza yako ama ni busaa yangu. Daktari hajui. Ugonjwa hauachi viatu mlangoni tuseme umeingilia hapa. Lakini hutasimama peke yako mbele ya ukoo ubebe mzigo ambao nusu ni wangu, pengine wote. Nitasimama mimi. Kesho namwambia mama yako. Jumamosi ya makumbusho nawaambia watu.

Phelista


Kitale,
12 Disemba 2021

Kukhu,

Nimesoma.

Miezi mitano nimeamka kila asubuhi nikimwona mtu yule anakohoa mbele ya baba. Nimewatuma nyumbani wapishi wangu wawili wakilia. Nimejifunza kushona, na nashona vibaya, unasema kweli. Na wewe wakati wote huo ulikuwa na Jumapili mfukoni.

Si chungu kinachoniuma. Mwezi ule hakuna ambaye hakukosea. Kinachoniuma ni kwamba baba alisema hapana, mara mbili. Alijua. Halafu nilipokuandikia yangu, siku kumi ulifikiria kama utaniacha niibebe.

Sitakuja makumbusho. Eleza wewe.

Nangila


Bungoma,
20 Disemba 2021

Nangila,

Salamu kutoka kwa wote waliokuja, na walikuwa wengi. Walikutafuta. Nilisema umeshikwa na kazi. Huo ndio uongo wa mwisho nimekusemea.

Mama yako nilimwambia kabla, kama nilivyoahidi. Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu akaniletea uji. Hakuweka sukari, lakini akaleta.

Nilipoinuka, Wakoli akanisukumia kiti. Nikakataa. Mzee anayeongoza akasema, "Mama, wewe kaa, wanaume wataeleza." Nikamwambia wanaume hawakuwa nyuma ya jikoni. Watu wakacheka, wakadhani ni mchezo wangu wa kila siku. Nikaeleza. Jumamosi yako sikuigusa. Nilisema tu alipita kwa binti yake akala akashiba. Hiyo ni yako, utaisema ukitaka. Yangu nilisema yote: chungu, kikohozi, moshi, na vile mwanangu alikataa mara mbili nikamwita mwoga. Hapo hakuna aliyecheka tena.

Binamu yako mmoja wa Tongaren akapiga kelele kutoka nyuma, "Kwa hivyo ni wewe ulimuua?"

Nikamwambia, "Mimi nimesema nilichofanya. Kama wewe unajua kilichomuua, kuja hapa mbele useme, na ulete na daktari wako. Kama hujui, nyamaza, na ushuke kwa hicho kiti changu, kitavunjika."

Absalom akainuka na fimbo yake. Hakuitwa. Akasema, "Kikohozi kilikuwa changu. Wabwile alinipa mrija wake kwa heshima. Yeye ameenda, mimi niko hapa nakula wali wake. Mkitaka mtu wa kumchukia, mimi niko karibu kuliko huyu mama." Akakaa. Mama yako akachukua birika, akapita watu wote, akamwekea Absalom chai kabla ya wageni. Wale wa kutaja uchawi waliaga mapema.

Sasa hoteli. Msamaha siuombi. Hicho ni chakula chako, utakipika siku unayotaka, na usipopika nitalala njaa. Lakini usimpe Wahome ufunguo kwa jina la baba yako. Baba yako alikufa kwa kukaa na watu, ndiyo. Ni kwa kukaa na watu pia aliishi miaka hamsini na miwili akicheka. Huu ugonjwa umechukua mwanangu, umechukua mazishi yake, umechukua miezi mitano yako. Hata meza niupe? Siupi. Fungua madirisha. Vaa barakoa. Anayekohoa mpeleke nje na supu yake ya moto, awe mteja mkubwa, awe askofu, awe mimi. Kosa letu lilikuwa kuona haya, Nangila. Tuliona haya kumwambia mtu, wewe unakohoa.

Kama umechoka kupika, funga, nitaelewa. Kama unafunga ili ujiadhibu, jela hiyo ilikuwa na watu wawili, na mimi nimetoka.

Phelista


Kitale,
15 Januari 2022

Kukhu,

Mwaka mpya umetukuta salama. Watoto wanakusalimu, na mume wangu pia. Nimemwambia yote, ya kwangu na ya kwako.

Mama alinipigia simu, nikashika. Amenieleza hata ulichoacha: kwamba ulipomaliza kusema magoti yalikataa, wanawake wakakushika, na ukawatukana huku wamekubeba. Hukuandika hilo.

Tarehe thelathini Disemba nilimpelekea Wahome ufunguo. Akanyoosha mkono. Mimi nikanyoosha wangu, lakini vidole havikuachilia. Tukavutana pale barazani kama watoto na muwa. Akasema, "Nangila, unanipa ama hunipi?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi rudi nyumbani ukajue." Nilirudi hotelini, nikashusha viti vyote.

Nilifungua Jumatatu, tarehe kumi. Wa kwanza alikuwa fundi wa baiskeli wa ng'ambo ya barabara. Alisimama mlangoni na kuuliza, "Ni kweli, ama mnafagia tu?" Kufikia saa sita watu walikuwa wanaingia wawili wawili, wamesahau jinsi ya kusalimiana: huyu anatoa mkono, yule kiwiko, wanagongana, wanacheka. Mama mmoja alikula sahani mbili bila neno, kisha akaja mpaka jikoni akaniambia, "Nilikuwa nimechoshwa na mkono wangu mwenyewe," akaenda zake.

Saa nane mtu akakohoa.

Hoteli nzima ikageuka, vijiko hewani. Nilikuwa na sahani mkononi. Mwili wote uliniambia rudi jikoni. Nikamwendea. Nikasema, "Ndugu, pale nje kuna hewa nzuri na kivuli. Nikuhamishie, nikuongezee na supu?"

"Ni pilipili yako, mama."

"Hata kama ni pilipili."

Akahama. Hakukasirika hata kidogo. Alikula, akashukuru, akaenda. Kukhu, ilikuwa rahisi hivyo. Niliingia jikoni nikalia kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo.

Bado nimekukasirikia. Nakuandikia hili wazi ili usije ukaota kwamba imeisha. Nikimfikiria baba amesimama pale mbali akisema watu wanakufa, natamani kuvunja kitu. Sijui itaisha lini, na sitakudanganya. Lakini sitaki siku moja nikupoteze nikiwa nimekunyima sahani. Njoo Kitale. Sitakuchekea. Nitakupikia.

Nangila


Bungoma,
18 Januari 2022

Nangila,

Salamu nitazileta mwenyewe. Nakuja Alhamisi. Mama yako anakuja. Nasro pia anakuja. Anauliza kuku wako wanachinjwa na nani, mjibu vizuri.

Kasirika, mama. Ni haki yako, na usiipunguze ati kwa sababu mimi ni mzee. Usinichekee pia, siji kuhesabu meno. Wewe niwekee chakula hapo katikati ya watu, nile wakiniona. Alhamisi ikiisha na bado umenuna, nitalala kwako, Ijumaa nile tena. Na Jumamosi. Nimemwambia Wakoli amchunge ndama, kwa sababu sijui ni nini kitaisha kwanza, hasira yako ama chakula chako, na mimi sina haraka na hata kimoja.

Phelista